Darubini Kubwa ya Lenzi Nyumbani: Mwongozo wa Siku za Mwanzo kwa Mkazi wa Pwani

Darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 150, yaani inchi 6, huhesabiwa kuwa kubwa kwa matumizi ya nyumbani, ingawa mbele ya zile za vituo vya utafiti bado ni ndogo mno. Ile ya Yerkes katika jimbo la Wisconsin, Marekani, iliyozinduliwa mwaka 1897, ina lenzi ya sentimita 102, na haijatokea nyingine ya aina yake iliyo kubwa zaidi ikafanya kazi ya kudumu ya utafiti wa nyota. Mwongozo huu unahusu darubini ya milimita 150 yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi kuu mpaka mahali taswira inapojengeka) wa milimita 1,200, kwa sababu ndiyo ambayo mpenzi wa nyota mwenye kipato cha kawaida anaweza kuifikia baada ya kujinyima. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa, ambako joto, unyevunyevu na ukaribu wa ikweta hubadili mambo mengi ambayo vijitabu vya watengenezaji, vilivyokusudiwa wateja wa Ulaya na Marekani, havigusi kabisa.

Ni vyema msomaji aujue mapema msimamo wa mwandishi. Malalamiko mengi ya wanaoanza, kwamba taswira inatetemeka, kwamba sayari inachemka, kwamba picha ina ukungu, hayatokani na lenzi. Yanatokana na stendi, na hewa iliyo mbele ya bomba, na unyevu, na shingo ya mtazamaji iliyokunjwa vibaya. Ndiyo maana hatua zifuatazo zinaanzia huko, na lenzi yenyewe inahukumiwa baadaye, mengine yote yakiwa yamekaa sawa.

Hatua ya kwanza: chagua mahali kabla ya kufungua sanduku

Wengi hukimbilia juu ya nyumba yenye paa la zege kwa sababu huko anga liko wazi. Zege lililochomwa na jua kutwa nzima huendelea kutoa joto kwa saa kadhaa baada ya magharibi, na hewa ya moto inayopanda kutoka hapo huivuruga taswira kabla mwanga haujaifikia lenzi. Mabati ni afadhali kidogo kwa kuwa hupoa upesi, lakini saa mbili za mwanzo baada ya magharibi, kutazama sayari iliyo juu tu ya paa la jirani ni kazi bure. Uwanja wa nyasi, au hata mchanga wa uani, unafaa zaidi kuliko zege, na kama hakuna budi kutumia dari, basi subiri mpaka saa tatu au saa nne usiku. Jiko la mkaa la jirani nalo lihesabiwe: moshi wake huonekana kidogo, ila joto lake huonekana sana kwenye darubini.

Jambo la pili ni upepo. Bomba la darubini hii, pamoja na kinga ya umande iliyo mbele yake, lina urefu wa zaidi ya mita moja, na upepo ukilipiga kwa ubavu hulisukuma kama tanga. Kusi inapovuma kati ya Juni na Agosti, ndiyo miezi yenye anga safi zaidi kwetu, na ndiyo pia yenye usumbufu huo. Ukuta wa ua upande wa kusini, au hata turubai lililofungwa imara, litakupa utulivu ambao huwezi kuununua kwa lenzi ya bei ghali.

Kabla ya usiku wa kwanza, mjulishe jirani, na kama mtaa una mlinzi au mjumbe, mjulishe naye. Bomba jeupe lililoelekezwa juu gizani, na mtu aliyeinama nyuma yake, huzua maswali ambayo ni rahisi zaidi kuyajibu mchana.

Hatua ya pili: unganisha kwa mpangilio

Tandaza miguu ya tripodi mpaka mwisho, ikaze, kisha weka kichwa cha stendi juu yake. Kama stendi yako hutumia uzito wa kusawazisha, uweke kabla ya bomba. Wakati wa kufungua, bomba litoke kwanza na uzito ufuate. Mpangilio huu usivunjwe hata kwa haraka ya mvua, kwa sababu stendi iliyobaki na bomba pekee upande mmoja inaweza kupinduka, na bomba la ukubwa huu si la kudakwa kwa mkono mmoja. Ni afadhali kuwe na watu wawili: mmoja ashike bomba, mwingine akaze skrubu.

Bomba likishakaa, tafuta sehemu ya mizani. Mtu hutarajia iwe katikati, kumbe iko mbele, kwa sababu lenzi kuu na kizingiti chake cha chuma, yaani pete inayoishikilia, ni vizito kuliko kila kitu kilicho nyuma. Legeza pete zinazolishika bomba kidogo tu, lisogeze taratibu mpaka likiachiliwa lisiiname upande wowote, ukiwa umeshachomeka lenzi ya jicho, ile ndogo ya nyuma unayotazamia, na kile kioo cha pembe kinachoupinda mwanga kwa nyuzi 90. Sehemu hiyo itie alama kwa kipande cha mkanda, usihangaike nayo tena kila usiku.

Sasa pima stendi. Elekeza darubini kwenye kitu cha mbali, tumia lenzi ya jicho ya milimita 10, kisha gonga bomba kwa kidole. Taswira ikitulia ndani ya sekunde mbili au tatu, stendi inatosha. Ikichukua sekunde tano na zaidi, kila utakapogusa kifundo cha fokasi utakuwa unasubiri, na uvumilivu wako utaisha kabla ya usiku. Punguza kimo cha miguu, ning'iniza mfuko wa mchanga chini ya tripodi, na weka vipande vya mpira mzito chini ya kila mguu. Hayo yasiposaidia, tatizo ni kwamba stendi ni ndogo kuliko mzigo, na fedha ya ziada uliyokuwa umeikusudia lenzi mpya za jicho ielekezwe huko. Watengenezaji hutaja uzito ambao stendi inaweza kubeba. Kwa bomba refu namna hii, busara ni kutovuka theluthi mbili za uzito huo.

Hatua ya tatu: tatua suala la kimo

Hapa ndipo darubini kubwa ya lenzi inapomshangaza mwenye nayo, na mkazi wa ikweta hushangazwa zaidi kuliko mwingine yeyote. Lenzi ya jicho iko mwisho wa nyuma wa bomba, kwa hiyo kadiri bomba linavyoelekea juu, ndivyo jicho linavyolazimika kushuka. Na kwa kuwa sehemu ya mizani iko mbele, kipande cha bomba kilicho nyuma ya stendi ni kirefu zaidi. Stendi ikiwa na kimo cha mita 1.3 hadi kwenye mhimili, lenzi ya jicho inaweza kushuka mpaka nusu mita hivi kutoka ardhini darubini inapotazama juu kabisa.

Mtazamaji wa London hapati shida hiyo mara nyingi. Mwaka 2019 Mshtarii ilipokuwa upande wa kusini wa anga, kwake haikupanda zaidi ya nyuzi 16 hivi juu ya upeo wa macho, na alikuwa akiitazama kupitia hewa nene na chafu. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo sayari zinapofika kileleni kwa kawaida huwa nyuzi 60 au zaidi kutoka upeoni. Ni neema kubwa, kwa kuwa mwanga unapita kwenye hewa chache, lakini inalipiwa kwa magoti. Nebula ya Orioni, wingu la gesi linalong'aa angani, ni mfano mkali zaidi: iko nyuzi 5.4 kusini mwa ikweta ya anga, ule mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya dunia, hivyo hupita karibu kabisa na utosi wa mkazi wa Dar es Salaam, mahali ambapo bomba refu huwa wima na huenda likagonga miguu ya tripodi.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kukaa chini, kwenye mkeka au kigoda. Mbuzi ya kukunia nazi ina kimo kinachofaa ajabu, ila ule ulimi wake wa chuma si wa kuwa nao gizani. Ya pili ni kutumia kipande cha kuongezea kimo kati ya tripodi na kichwa cha stendi, sentimita 30 au 40, ukikubali kwamba mtetemo utaongezeka. Ya tatu, ambayo mwandishi anaiona bora kwa mwenye uwanja wake, ni nguzo ya kudumu. Fundi wa kuchomelea anaweza kukuundia bomba la chuma la inchi 6 lenye bamba juu na chini. Lifungwe kwa bolti kwenye zege lililomwagwa shimoni, lijazwe mchanga mkavu ili lisivume likigongwa, na lipakwe rangi ya kuzuia kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma. Kimo cha nguzo kipimwe kwa kitu unachopenda kukitazama zaidi: mpenzi wa sayari aifanye ndefu, mpenzi wa vitu vya kusini, ambavyo havipandi sana, anaweza kuishusha kidogo.

Hatua ya nne: linganisha mchana, na ujihadhari na jua

Darubini ndogo ya kulengea iliyo juu ya bomba haina faida mpaka ielekee mahali pamoja na ile kubwa. Kazi hiyo ifanywe mchana, kwa kutumia kitu kilicho mbali: taa iliyo juu ya mnara wa simu, au kichala cha nazi kwenye mnazi ulio mwisho wa mtaa. Weka kitu hicho katikati ya darubini kubwa kwa lenzi ya jicho ya milimita 25, kisha zungusha skrubu za darubini ndogo mpaka msalaba wake ukae hapo hapo. Rudia kwa lenzi ya milimita 10. Utaona kwamba kioo cha pembe kinabadilisha kushoto kuwa kulia bila kupindua juu na chini; lizoee jambo hilo mchana, lisikuchanganye usiku utakapokuwa ukifuata ramani ya nyota.

Kazi hii ifanyike jua likiwa nyuma ya nyumba au mgongoni mwako kabisa. Lenzi ya milimita 150 ikielekezwa kwenye jua bila kichujio maalumu kinachofunika upande wote wa mbele, jicho huharibika papo hapo na bila maumivu ya kukuonya. Vile vichujio vidogo vya kuchomeka kwenye lenzi ya jicho, ambavyo huja na darubini nyingine za bei nafuu, vitupwe: joto lililokusanywa huweza kuvipasua wakati jicho likiwa hapo. Darubini ndogo nayo ifunikwe kifuniko chake. Na mtoto asiachwe peke yake na darubini iliyo uani mchana, hata kwa dakika moja.

Hatua ya tano: shughulikia unyevu

Kanuni ya Ulaya ni kutoa darubini nje saa moja kabla ili ipoe. Kwetu pwani mara nyingi kazi ni kinyume chake. Darubini iliyokuwa chumba chenye kiyoyozi ni baridi kuliko hewa ya nje, na ukiitoa tu, lenzi kuu hupata ukungu wa maji papo hapo, mbele na pengine hata ndani. Usiifute. Kitambaa juu ya lenzi yenye unyevu na vumbi huacha mikwaruzo ambayo haitoki. Iache na kifuniko chake, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, kwa nusu saa au zaidi, kisha uitoe. Iliyohifadhiwa kwenye chumba cha joto la kawaida haihitaji muda mrefu, kwa sababu bomba la lenzi limefungwa mbele na hewa yake hutulia mapema; ni kioo chenyewe, kikiwa kinene, ndicho huchelewa.

Umande wa usiku ni jambo jingine. Hushuka zaidi usiku usio na upepo, na hupenda kioo kilichoelekezwa moja kwa moja juu, yaani hasa mahali tunapotazama sisi. Kinga ya umande iliyokuja na darubini huchelewesha tatizo bila kuliondoa. Irefushe kwa karatasi nyeusi ngumu au godoro jembamba la mazoezi, liwe limeizidi lenzi kwa sentimita 20 hivi. Ukungu ukishaingia, kikausha nywele kikiwekwa kwenye joto la chini na kushikwa mbali kidogo huuondoa. Umeme ukikatika, kikausha nywele hakitafanya kazi, lakini mtaa mzima utakuwa giza, na hapo utazamaji hunoga zaidi kuliko usiku wowote wa kawaida.

Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha baadhi ya plastiki na kuharibu tabaka jembamba lililopakwa juu ya lenzi. Vaa mikono mirefu na soksi, jipake sehemu zilizo wazi, kisha nawa viganja kwa sabuni kabla ya kugusa lenzi ya jicho.

Hatua ya sita: usiku wa kwanza uanze na Mwezi

Ukuzaji wa darubini hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi kuu kwa ule wa lenzi ya jicho. Milimita 1,200 kwa 25 ni mara 48. Kwa 10 ni mara 120. Kwa 6 ni mara 200. Anza na ya milimita 25 kila usiku, bila kubagua, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha eneo pana na kusamehe makosa ya kulenga. Kikomo cha juu kwa lenzi ya milimita 150 ni karibu mara 300, lakini hewa ya pwani huruhusu kiasi hicho kwa nadra, na usiku mwingi mara 200 ndiyo mwisho wenye faida.

Tazama Mwezi ukiwa na umri wa siku saba hadi tisa, si mpevu. Mwezi mpevu hauna vivuli na huonyesha mabaka tu. Ukiwa nusu, kwenye mpaka wa nuru na giza, mashimo makubwa matatu ya Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel hupangana katikati. Siku moja au mbili baadaye hutokea Copernicus, lenye upana wa kilomita 93, kuta zake zikiwa na ngazi zinazoonekana wazi. Kwa kipenyo hiki, hewa ikiwa tulivu, mtu anaweza kutofautisha vitu vya ukubwa wa takribani kilomita moja na nusu. Kaa hapo muda mrefu. Taswira itachemka, itatulia kwa nukta chache, itachemka tena. Jicho lililozoea hujifunza kungoja zile nukta za utulivu, na humo ndimo darubini kubwa inapojitofautisha na ndogo.

Baada ya Mwezi, geukia sayari yoyote iliyo juu. Mshtarii huonyesha mikanda miwili ya mawingu bila shida na miezi yake minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Kivuli cha mmoja wao kikipita juu ya sayari huonekana kama nukta nyeusi iliyokoza. Pete za Zohali zilitugeuzia ukingo mwaka 2025 na zinaendelea kufunguka mpaka karibu mwaka 2032, kwa hiyo mwenye kuanza sasa atapata Zohali bora kila mwaka.

Hatua ya saba: ielewe rangi ya zambarau

Usiku huo huo utaona ukingo wa zambarau kuuzunguka Mwezi, na utakuwa mkali zaidi kwenye Zuhura, Mshtarii na nyota ya Sirius. Hapa wengi hudhani wameuziwa lenzi mbovu. Sivyo. Lenzi moja hupinda kila rangi kwa kiasi chake, na tangu karne ya 18, John Dollond alipopata hataza yake London mwaka 1758, dawa imekuwa kuunganisha vioo viwili vya aina tofauti ili nyekundu na buluu zikutane mahali pamoja. Zambarau hubaki nje ya mapatano hayo, na kadiri lenzi inavyokuwa kubwa na bomba linavyokuwa fupi, ndivyo inavyozidi kujitokeza. Kanuni ya zamani inasema kwamba urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo, jibu lisipungue mara tatu ya kipenyo kwa inchi. Kwa lenzi ya inchi 6 jibu lingepaswa kuwa 18, yaani bomba la karibu mita 2.7. Darubini yetu ina 8 tu.

Zipo darubini za vioo maalumu ambazo huondoa karibu rangi yote, lakini kwa kipenyo hiki bei yake ni mara kadhaa ya hii, na mwandishi haoni sababu ya anayeanza kuikimbilia. Kichujio cha rangi ya njano isiyokolea hupunguza zambarau, kikiacha Mwezi na umanjano kidogo. Njia nzuri zaidi haina gharama: kata karatasi ngumu ya duara itoshee mbele ya kinga ya umande, toboa katikati tundu la milimita 100, na uivalishe. Sasa una darubini ya inchi 4 yenye uwiano wa 12, ambao unatimiza ile kanuni barabara. Mwanga unaobaki ni asilimia 44, hasara isiyo na uzito kwa Mwezi na Zuhura. Linganisha taswira ikiwa na karatasi na isipokuwa nayo, usiku uleule, kwenye kitu kilekile, na baada ya hapo hutahitaji maoni ya mtu yeyote kuhusu zambarau.

Hatua ya nane: sasa ihukumu lenzi

Chagua usiku tulivu na nyota angavu kiasi iliyo juu, ukuzaji uwe mara 200. Iache taswira itoke nje ya fokasi kidogo kwa ndani, kisha kwa nje. Utaona duara lenye pete ndani ya pete. Pete zikiwa duara kamili na zenye kitovu kimoja, lenzi imekaa vizuri. Zikielemea upande mmoja, chunguza kwanza kama kioo cha pembe kimekaa sawa, kwa kukiondoa na kutazama moja kwa moja. Zikiwa na pembe tatu, huenda kizingiti kimeikaza lenzi kupita kiasi. Vyovyote iwavyo, usiifungue lenzi kuu; vioo vile viwili vimepangwa kwa vipimo vya kiwandani, na kuvigeuza kidogo tu kunatosha kuviharibia kazi.

Kipimo cha mwisho ni nyota pacha, na hapa kusini tunazo za kutosha. Alfa ya Kantauri, jirani angavu wa Msalaba wa Kusini, hugawanyika kuwa nyota mbili za manjano hata kwa ukuzaji mdogo, na nyota hizo huzungukana kwa takribani miaka 80. Acrux, iliyo chini ya Msalaba wenyewe, ni ngumu zaidi, kwa kuwa nafasi kati ya nyota zake mbili ni sekunde 4 tu za pembe (sekunde moja ya pembe ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), lakini lenzi ya milimita 150 inapaswa kuzitenganisha wazi kwa mara 120, zikiwa na giza katikati. Kwa hesabu tu kikomo chake ni sekunde 0.77. Atakayeona Acrux imegawanyika safi, nukta mbili nyeupe zilizokoza, ajue hana la kuilaumu lenzi.

Hatua ya tisa: vitu hafifu, kwa kiasi

Katikati ya jiji usitarajie galaksi. Jipe dakika 20 hadi 30 jicho lizoee giza, tumia tochi iliyofungwa karatasi nyekundu ya plastiki, na chagua vitu vyenye nguvu ya kupenya mwanga wa mtaa. Kuanzia Aprili mpaka Julai, mapema usiku, kundi la nyota la Omega Centauri hupanda mpaka nyuzi 49 juu ya upeo wa kusini wa Dar es Salaam; kwa mara 48 ni wingu la mviringo, na kwa mara 120 ukingo wake huanza kupasuka na kuwa nyota nyingi ndogo zisizohesabika. Nebula ya Karina iko karibu na hapo, chini kidogo. Kutoka Desemba mpaka Machi ni zamu ya Nebula ya Orioni, na nyota nne zilizosongamana ndani yake ni za kutazamwa kwa ukuzaji mkubwa, ukiwa umelala mkekani kama ulivyokwisha kuonywa.

Kilimia nacho kitamvuta kila mtu, lakini darubini hii ni ndefu mno kwake: nyota zake angavu zimeenea zaidi ya nyuzi moja, na lenzi ya milimita 25 ya kawaida huonyesha karibu nyuzi moja tu. Tumia lenzi ya jicho ya milimita 32 au zaidi. Wahenga walikifuata kwa sababu nyingine, *kikizama kwa mvua huzuka kwa jua*, na anayepanga likizo ya kutazama nyota bado anaweza kuwasikiliza: kinapotoweka magharibi mwezi Mei masika huwa haijaisha, na kinapochomoza alfajiri mwezi Juni anga huwa limeanza kusafishika.

Kuhusu stendi ya ikweta

Muuzaji akikushawishi kununua stendi ya ikweta, yaani ile ambayo mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga ili kuifuata nyota inavyosogea, muulize kwanza kipimo chake cha latitudo kinashuka mpaka wapi. Nyingi huishia nyuzi 10 au 15, na Dar es Salaam inahitaji chini ya 7, Mombasa 4, Nairobi karibu 1. Mhimili wake kwetu hulala karibu sambamba na ardhi, na uzito wa kusawazisha huweza kugonga mguu wa tripodi. Nyota ya Kaskazini haionekani, na nyota ya Sigma Octantis iliyo karibu na ncha ya kusini ya anga ni hafifu na iko chini sana, nyuma ya nyumba na ukungu. Dira inatosha kwa kutazama kwa macho. Mwandishi anapendekeza stendi ya kawaida inayokwenda kushoto na kulia, juu na chini, iliyo nzito na yenye vifundo vya kusogeza taratibu.

Kuhifadhi

Ukimaliza, funika lenzi ikiwa kavu tu. Yenye umande iingizwe ndani bila kifuniko, bomba likiwa limelala, feni ikizunguka chumbani, mpaka ikauke yenyewe. Kuvu huota kati ya vioo viwili vya lenzi kuu iliyofungiwa na unyevu, na nyuzi zake, zikishashika, hula tabaka la juu la kioo. Weka kwenye sanduku mifuko ya silika inayobadilika rangi, na inapogeuka ikaushe kwenye oveni ya moto mdogo kabla ya kuirudisha. Lenzi za jicho ziwe na kisanduku chake chenye mfuko wake. Sanduku la bomba liwekwe juu ya ubao, mbali na ukuta wa nje, ambao wakati wa masika hupitisha maji bila kuonekana.